Nyumba Haiombi Viza

Assoumani alirudi Mutsamudu kutoka Moroni Jumatatu mchana, na kila aliyemwona akipanda kichochoro kutoka bandarini alijua kuwa safari yake haikuwa na heri. Hakumsalimu mtu. Kofia yake ya kudarizi, ambayo kwa kawaida ilivuliwa wakati wa kulala tu, alikuwa ameikunja na kuishika mkononi. Aliingia nyumbani, akavua viatu, akakaa kwenye ngazi ya uani na kumtazama mkewe.

Nadjati hakumuuliza. Alikuwa anavuta uzi wa fedha, na uzi ukishaingia kwenye tundu la bamba la chuma hauachwi katikati, la sivyo unakatika. Aliuvuta mpaka mwisho, akauzungusha kidoleni, akauweka juu ya mkeka.

"Wamekataa," alisema.

"Hawajakataa," alijibu Assoumani. "Wamenicheka."

Alieleza kidogo kidogo, huku akipindua kofia mikononi. Ofisi ya wakala ilikuwa Moroni, juu ya ghala la mchele. Aliyepokea maombi ya viza za nchi za bara alikuwa Bwana Chamsoudine, mtu mnene, mpole wa sauti, aliyekuwa karani wa serikali mpaka serikali ya mapinduzi ilipowaambia makarani wake wote waende nyumbani. Chamsoudine alimweleza kuwa kuna milango mitatu. Wa kwanza ni viza ya matembezi: unakaa miezi mitatu, unakula pesa zako, huruhusiwi kuuza hata pete. Wa pili ni viza ya kazi: unaingia chini ya jina la tajiri aliyekuajiri, na siku akikuchoka unafunga virago. Wa tatu, alioutaka Assoumani, ni viza ya mfanyabiashara anayekwenda kufungua duka lake mwenyewe. Huyo lazima awe na mdhamini, mahali pa duka, ufundi unaothibitika na mali.

Mdhamini walikuwa naye. Idarousse, binamu yake Nadjati, aliondoka miaka kumi iliyopita akaenda Mombasa, na sasa alikuwa amewatafutia chumba cha duka katika mji wa kale, ambako watu bado wanaoa na wanawake bado wanavaa dhahabu. Mwenye chumba alikubali kuwangoja mpaka mwisho wa mwaka. Hapa kwao harusi kubwa zilikuwa zimepigwa marufuku, na mfua dhahabu asiye na harusi hana kazi. Tangu mwaka uanze Assoumani alikuwa amerekebisha pete tatu na jino moja la bandia.

"Nikafika penye nyumba," alisema. "Wameuliza: mwombaji ana nyumba gani, ya jina lake? Nikaandika: sina."

Na alisema kweli. Katika visiwa hivi mwanamume hana nyumba. Baba humjengea binti yake, mama humwachia binti yake, na mume huja na sanduku lake la nguo. Siku akiachwa, huondoka nalo. Mtu aweza kuwa kadhi, aweza kuwa na mashamba ya karafuu na sauti ya kunyamazisha msikiti, na bado akalala chini ya paa la mkewe, wala hakuna anayemwita fukara. Assoumani aliandika "sina" bila hata kufikiri, kama ambavyo angeandika kuwa hana ndevu.

"Chamsoudine akaisoma kwa sauti, mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi. Miaka arobaini na sita, akasema, na hana hata kibanda. Watu wa bara watadhani ni mhuni anatafuta pa kulala. Nikamuuliza, na wewe unayo? Unajua alinijibu nini?"

Nadjati alitikisa kichwa.

"Akasema, mimi nakaa kwa mke wangu kama wewe. Lakini mimi siombi viza."

Benchi zima lilicheka. Kisha Chamsoudine, kwa upole wake uleule, akamshauri achukue mlango wa pili, aombe viza ya kazi kama mwajiriwa wa Idarousse. Idarousse huyohuyo ambaye kushika koleo alifundishwa na Assoumani, na aliyeunguza mkeka wa watu mara mbili kabla hajajua. Jambo hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Alisogea karibu na mkewe. Njia ipo, alisema. Kumbukumbu zote za ofisi za Wafaransa zimechomwa, hakuna tena jalada linalosema nyumba hii ni ya nani. Leo nyumba ni ya yule ambaye mudiria, ofisi hii mpya ya mapinduzi, itamwandikia. "Tuandike jina langu. Karatasi tu, Nadjati. Tukifika Mombasa tunaichana."

Kutoka chumba cha chini, ambako Koko Mouzdalifa, mama yake Nadjati, alikuwa amelala akidai kuwa hasikii vizuri siku hizi, ilitoka sauti ya kukohoa.

"Kula kwanza," Nadjati alimwambia mumewe.

*

Mudiria lilikuwa jengo jipya la serikali ya mapinduzi, upande wa Hombo, na kila jambo la mji lilimalizikia humo: kuzaliwa, kufa, kuuza ng'ombe. Wakubwa wa zamani walikuwa wameondolewa, na kazi wamepewa vijana wa shule. Zaïnati, binti pekee wa Nadjati na Assoumani, mwenye miaka kumi na saba, alikabidhiwa muhuri kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Mtoto aliyekuwa akitumwa chumvi dukani mwaka juzi, sasa watu wazima walimpangia foleni.

Alikuwa anaamini kazi yake, tusimwonee. Aliamini kuwa harusi kubwa zinafilisi watu, kuwa shiromani inamficha mwanamke kama mzigo, kuwa wazee wamekula vya kutosha. Aliwahi kusimama uani kwao na kumwambia bibi yake avue shiromani, lile vazi jekundu na jeupe ambalo wanawake wa Nzuani hujitanda kutoka kichwani hadi miguuni. Koko alikaa siku tisa bila kumsemesha, na siku ya kumi alimwomba maji akiwa bado amejitanda.

Siku mbili baada ya kurudi Assoumani, mara tu baada ya sala ya alasiri, Zaïnati aliingia nyumbani na karatasi mkononi, baba yake nyuma yake. Nadjati alitazama jinsi mumewe alivyosimama mlangoni bila kuingia hasa, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Soma," alisema.

Zaïnati alisoma. Nyumba ya mawe ya ghorofa moja, nyuma ya msikiti wa Ijumaa, ni mali ya Assoumani, mfua dhahabu, mkazi wa Mutsamudu. Muhuri ulikwishagongwa. Ilibaki sahihi ya mama tu, kwamba hana pingamizi.

"Ni yake tangu lini?"

"Tangu leo, Mama. Ni kwa ajili ya viza. Baba amenieleza."

"Mapinduzi yenu yanasema nini juu ya mwanamke?"

Zaïnati alishangaa kuulizwa jambo alilolijua vizuri hivyo. "Kwamba ni sawa na mwanamume."

"Basi mbona kazi yenu ya kwanza ndani ya nyumba hii ni kumnyang'anya mwanamke nyumba, mkampa mwanamume?"

Zaïnati aliigeuza karatasi, kana kwamba jibu liko nyuma yake. Katika mikutano yote aliyohudhuria hapakuwa na aliyeuliza hivyo, na kwa hiyo hapakuwa na aliyefundishwa jibu.

Assoumani akaingia sasa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa kweli. Alisema amekaa humu miaka kumi na tisa na hajaomba hata msumari. Alisema paa alilibadilisha yeye, kisima alikisafisha yeye. "Kumbe muda wote huo ulikuwa unaniona mwizi."

"Sikuoni mwizi," Nadjati alisema. "Nakuona mtu ambaye siku moja atakufa, kama mimi. Na siku hiyo dada zako watatoka Ikoni na karatasi hii mkononi, pamoja na wale wanao wawili uliowazaa huko kabla hujanioa, na watakuwa na haki. Wakimwambia Zaïnati atoke, atatoka."

Assoumani aliwajua dada zake. Walimpenda sana, na walipenda kila kilicho chake.

"Basi tukae hapa tutafune mawe ya ukuta," alisema mwishowe.

"Hatukai. Nitaomba mimi."

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Utaomba kama nani?"

"Kama mwenye kazi."

Kicheko kilimwishia mdomoni. Hilo lilikuwa jambo ambalo halikusemwa katika nyumba hii, ingawa wote waliishi kwalo. Baba yake Nadjati, Foundi Sounhadj, hakupata mtoto wa kiume. Bamba la matundu na koleo nyembamba alimfundisha binti yake, huku uani, mlango umefungwa. Assoumani alipokuja kutoka Ikoni kujifunza kazi alikuta msichana anasokota uzi wa dhahabu mwembamba kama unywele, na hakuweza kujifunza kuufanya, hata alipopewa msichana mwenyewe. Yeye aliyeyusha, alifua, alipima, alipatana bei na wateja. Maua ya nyuzi, ambayo kwayo watu walivuka kisiwa kuja kununua, yalitoka mikononi mwa Nadjati. Lakini mwanamke wa nyumba ya mjini haketi dukani, na nje watu waliita kila pambo "kazi ya Assoumani". Nadjati hakuwahi kudai. Alikuwa akisikia sifa zile dirishani na kuendelea na uzi wake, na siku nyingine, tuseme ukweli, zilimchoma.

Alichukua karatasi mkononi mwa binti yake, akaichana mara mbili, akavitia vipande kwenye jiko la mkaa la kuyeyushia fedha.

"Mama, hiyo ni karatasi ya serikali."

"Nyinyi mlichoma ngapi?" Nadjati alisema.

Ndani, Koko Mouzdalifa alicheka mpaka akapaliwa.

*

Fomu ilikuwa kwa Kifaransa, tafsiri ya Chamsoudine mwenyewe, imepigwa kwa mashine yenye herufi moja iliyovunjika. Nadjati alisoma Kurani na kuandika barua zake kwa herufi za Kiarabu, lakini Kifaransa hakukijua. Ikabidi Zaïnati asome na kueleza, akiwa amekaa mkekani magoti pamoja, kama zamani alipokuwa akifanya hesabu za shule.

Alipofika penye mali alisita. "Baba, uliusoma mstari huu wa pili?"

Assoumani alisogea. Baada ya swali la nyumba palikuwa na mstari mwingine, mfupi: asiye na nyumba anaweza kuonyesha mali nyingine yenye thamani, iliyo yake, ataionyesha kwa wakala mwenyewe. Assoumani aliutazama kwa muda mrefu. Alikiri kuwa hakufika hapo. Alipoona wanaulizia nyumba alidhani swali zima ni la wanawake, akaandika "sina", akapita. Na Chamsoudine, kwa raha ya kuchekesha benchi, naye hakushuka mpaka mstari wa pili.

Nadjati alisimama akaenda chumbani. Alirudi na debe la mchele, akachimba kwa mikono miwili, akatoa furushi la kitambaa. Lilikuwa dhahabu yake ya harusi: vidani viwili, bangili nane, vipuli vya maua, na mkanda wa kiunoni ambao baba yake aliuanza na yeye akaumaliza. Kila kitu kilikuwa chake mwenyewe, hakuna mume wala ndugu mwenye neno juu yake. Tangu vijana waanze kupita nyumba kwa nyumba wakikemea dhahabu za harusi, furushi halikuwa limeona mwanga.

Alimtazama binti yake, akingoja hotuba.

"Nilijua iko kwenye mchele," Zaïnati alisema, macho yake kwenye fomu. "Tulipopita mtaa huu na kamati ya vijana, nyumba yetu niliiandika mimi. Niliandika: hamna kitu."

Nadjati alinyoosha mkono akamtoa binti yake punje ya mchele iliyomrukia nywelani.

Ilibaki cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, cha zamani kikiwa kimeteketea pamoja na vya wengine wote. Koko aliulizwa mwaka. Alisema ni ule mwaka wa vita vya Wazungu, meli ya mchele ilipokosekana wakala mihogo miezi saba. Zaïnati alihesabu, akaandika, akagonga muhuri.

*

Walipanda meli ndogo ya mizigo wote watatu, wakafika Moroni asubuhi na mapema. Nadjati alikuwa amejitanda shiromani mpaka kidevuni na ameshika kikapu. Zaïnati alikuwa amemsihi njia nzima aiache, kwamba Moroni vijana ni wakali zaidi, kwamba watapata tabu bure. Nadjati alimjibu kuwa amesikia.

Tabu waliikuta kabla hawajatoka bandarini. Vijana wawili wa kamati, mmoja na bunduki iliyomzidi kimo, waliwasimamisha.

"Mama, vua hilo," alisema mwenye bunduki. "Mapinduzi yamelitupa."

"Mimi sikulitupa."

"Ni amri."

"Nitalivua leo hii," Nadjati alisema. "Lakini si hapa, na si kwa ajili yako. Una mama?"

Kijana alisema anaye.

"Mwambie umekutana na mwanamke wa Mutsamudu, ukamwamuru avue nguo bandarini. Uone atakavyokutazama."

Assoumani alikuwa ameanza kutoa pole kwa niaba ya wote, kama ilivyo tabia ya wauza duka. Zaïnati alipita mbele yake. Alitoa barua yenye muhuri wa mudiria ya Mutsamudu akaisoma kwa sauti ya mikutano: mwananchi Nadjati, mfanyakazi wa mikono, yuko safarini kwa ruhusa ya mapinduzi, asizuiwe na yeyote. Barua aliiandika yeye. Vijana walitazamana. Muhuri ni muhuri, na wao hawakuwa na wa kwao. Waliwaacha wapite.

Njiani Nadjati alimpa Zaïnati kikapu akibebe, ili mikono yake ipate shughuli.

Benchi la ofisi ya wakala lilikuwa limejaa kama siku ile, na baadhi walikuwa walewale. Chamsoudine alimwona Assoumani, akatabasamu kabla hajafika mezani. "Umepata nyumba, bwana?"

"Sikupata," alisema Assoumani. "Nimemleta mwombaji."

Chamsoudine aliona mwanamke nyuma yake na alikuwa mtu wa adabu zake. "Kwezi, Bweni," alimwamkia kama anavyoamkiwa bibi wa heshima.

"Mbona," Nadjati aliitikia, kama salamu ile inavyojibiwa, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Aliulizwa kazi. Alisema mfua dhahabu. Mtu kwenye benchi akaguna, mwingine akamgusa mwenzake ubavuni. Aliulizwa nyumba. Alimwomba Chamsoudine tafadhali asome mstari wa pili, kwa sauti ileile aliyousomea wa kwanza. Chamsoudine aliusoma, na kadiri alivyoendelea sauti ilipungua.

"Basi, hiyo mali nyingine," alisema, "iko wapi?"

Nadjati alisimama akaiachia shiromani. Ilianguka mabegani, ikaanguka kiunoni, ikalala juu ya kiti. Alikuwa ameivaa dhahabu yote. Vidani vilimfunika kifua, bangili zilimjaa mikono mpaka karibu na kiwiko, na mkanda wa baba yake ulikuwa kiunoni, juu ya gauni la kawaida la kupikia. Kwa miaka miwili hakuna aliyeona vitu hivyo hadharani. Mzee mmoja kwenye benchi alivua kofia bila kujua kwa nini.

Chamsoudine alizunguka meza. Aliomba ruhusa, akavuliwa bangili moja, akaisogeza dirishani. Alipogeuka alimwangalia Assoumani, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nilikusahau, bwana, unisamehe. Ni wewe. Hii ni kazi ya Assoumani. Nilimchukulia mke wangu jozi ya hizi nilipomwoa, niliweka akiba miaka mitatu." Aliwageukia watu wa benchi. "Mnamwona huyu? Hakuna mkono kama huu visiwa vyote."

Nadjati hakumtazama mumewe. Hakuwa amemwomba kitu juu ya jambo hili, na alikuwa ameamua njiani kuwa hatamwomba. Watu wote walikuwa sasa wanamwangalia Assoumani kwa heshima, palepale walipomchekea, na ingetosha anyamaze tu.

"Si kazi yangu," Assoumani alisema.

Chamsoudine alidhani ni unyenyekevu, akaanza kutabasamu.

"Mimi nayeyusha na kufua. Nyuzi ni zake. Zote, tangu siku nilipomwoa. Na hizo za mkeo pia ni zake." Aliitazama bangili ile. "Mimi uzi unanikatikia."

Hapakuwa na aliyecheka. Chamsoudine alikaa. Alisema kwa taratibu kwamba anaamini, ila fomu inamtaka wakala aushuhudie ufundi kwa macho yake. Nadjati alikwishafungua kikapu. Alitoa bamba la matundu, koleo nyembamba na uzi wa fedha, akafanya kazi juu ya meza ya karani, kati ya chupa ya wino na mihuri, huku bangili zikilia. Watu waliondoka kwenye benchi wakaja kusimama. Alisokota ua la majani manane, dogo kuliko ukucha, akaliweka juu ya fomu.

Chamsoudine aliandika, akagonga, akaandika tena. Kisha akafika mahali akakwama. Fomu, alieleza, ina nafasi ya mtu anayesafiri na mwombaji, lakini imeandikwa "mke wa mwombaji". Hakuna mahali pa mume. Yeye hathubutu kubadilisha. Labda Bwana Assoumani abaki, amfuate baadaye kwa viza ya matembezi.

"Nipe kalamu," alisema Assoumani.

Alikata neno "mke" kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika "mume", halafu jina lake, na akatia sahihi pembeni ili watu wa bara wajue nani aliyekata. Alifanya hayo akiwa amesimama, kofia kichwani. Nadjati alitazama mkono ule ukiandika. Alimpenda sana wakati huo, na aliona haya kwa kuwa watu walikuwa wengi.

"La mwisho," alisema Chamsoudine. "Dhahabu inatosha. Lakini nyumba mnayo, nami sasa najua ni ya nani. Niiandike chini ya jina lako, Bweni? Itawapa nguvu."

Nadjati alijitanda tena shiromani, polepole, akaifunga vizuri.

"Usiiandike. Nyumba ni ya binti yangu, na nyumba haiombi viza."

Benchi lilicheka, na safari hii Chamsoudine alicheka mwisho, peke yake, akitazama meza.

*

Pasipoti zilirudi wiki tatu kabla ya mwaka kwisha. Ya Nadjati ilisema mfanyabiashara, duka lake mwenyewe, miaka miwili. Ya Assoumani ilisema anafuatana na mkewe.

Mutsamudu haiwezi kunyamazia kitu kama hicho, na Assoumani alilijua hilo. Jioni ileile, kabla maneno hayajamtangulia, alikwenda barazani penye wanaume, akaketi mahali pake, akaitoa pasipoti na kuisoma mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na lile la kufuatana. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Nadjati aliyasikia yote kutoka dirisha la juu. Mmoja aliuliza kama Mombasa kuna samaki wazuri.

Siku ya kuondoka, masanduku yalipokwisha kuteremshwa, Nadjati alimwita ukumbini Zaïnati, aliyekuwa anabaki na bibi yake. Koko Mouzdalifa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, shiromani kichwani. Nadjati aliufungua ufunguo mkubwa wa chuma kutoka kwenye pindo la nguo yake, ule aliopewa na baba yake siku ya harusi, mbele ya mama yake huyuhuyu, ukumbini humuhumu.

Zaïnati aliuangalia. Alikuwa bado anakwenda mudiria kila asubuhi, na ya huko bado aliyaamini, karibu yote. "Niandike karatasi?" aliuliza. "Muhuri ninao hapa mfukoni."

"Uache humohumo," Nadjati alisema, akamtia ufunguo mkononi.

Koko alinyoosha shingo aone kama umeshikwa vizuri. "Mlango wa nyuma unakwama wakati wa mvua," alimwambia mjukuu wake. "Uunyanyue kidogo ndipo uusukume."

Zaïnati alikwenda nyuma kuujaribu.